Ukurasa wa Bama

Mimi nilifundisha jiografia muda mrefu kabla sijaona ramani ya dunia iliyo nzima. Wajukuu zangu hucheka nikiwaambia hivyo. Wacheke tu, wao wamezaliwa wamekuta kila kitu kimetundikwa ukutani. Shule yetu, juu kidogo ya Misigiri, ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la tembe, ubao mweusi wenye ufa, na kitabu kimoja cha kusomea. Kitabu kimoja kwa darasa zima, si kimoja kwa kila mtoto. Nilikabidhiwa na wamisheni siku niliyomaliza ualimu, nikiwa msichana ambaye hata nyumbani walikuwa hawajaamua kama ni wa kuozwa au wa kuachwa hivyo hivyo.

Mwalimu mkuu, aliyefundisha wakubwa nje chini ya mti, hakupenda nifundishe jiografia watoto wadogo. Aliniambia, "Wewe wafundishe a, e, i, o, u. Jiografia ya nini kwa mtu ambaye hajafika hata Singida?" Nikamjibu, kwa heshima lakini nikamjibu, kwamba baba zao wamefika mbali kuliko Singida. Na kweli. Ilikuwa wakati wa vita ya pili, Mwingereza alikuwa anakusanya vijana kama mtu anayechuma kunde. Wengine walipelekwa Tanga kukata mkonge, wengine wakavalishwa kofia za Keya, jeshi lake la Waafrika, wakavushwa bahari. Nusu ya watoto wangu walikuwa na baba au mjomba aliyekuwa mahali penye jina ambalo nyumbani hakuna aliyeweza kulitamka. Wewe umwambie mtoto huyo akae anaimba a, e, i, o, u? Ebo!

Basi nilikuwa nasoma kwa sauti. Nasoma sentensi moja, wao wanaifuatisha. Naieleza kwa Kinyiramba, maana Kiswahili wengi wao walikisikia kwangu kwa mara ya kwanza, halafu tunairudia kwa Kiswahili mpaka imekaa. Kesho tunaongeza sentensi ya pili. Ukurasa mzima ungeweza kuchukua wiki mbili, lakini ukishaingia ulikuwa hautoki tena. Mtoto akiitwa anasimama, mikono ubavuni, macho mbele, anausema wote. Na kwangu mtoto akianza ukurasa anaumaliza. Hiyo ndiyo sheria niliyowawekea, maana mtoto ukimzoeza kuachia mambo njiani utamkuta ameachia hata mbuzi.

Baada ya kusoma tulitoka nje. Nilichora kwa majivu uwanjani: hapa Misigiri, pale Singida, pale Manyoni penye reli, kule Nairobi, kule Mombasa. Kila mtoto alisimama penye mji wake. Bahari niliwaeleza kwamba ni kama ziwa la Singida, lina chumvi vile vile, ila ukisimama ukingoni upande wa pili huuoni. Ng'ambo ya bahari, karibu kabisa na ua wa minyaa, ilikuwa Bama, nchi ya mashariki ya mbali ambako Mwingereza alikuwa anapigana na Mjapani. Pale alisimama mtoto mmoja wa kike, mwembamba, na alikuwa hakubali mwingine asimame hapo. Baba yake alikuwa askari huko.

Mama wa mtoto huyo alifariki akimzaa. Alilelewa na bibi yake, mama wa huyo askari, na askari mwenyewe alikuwa mtoto pekee wa bibi huyo aliyebaki hai. Siku ya kwanza ya shule mtoto aling'ang'ania kaniki ya bibi yake akalia mpaka darasa zima likaanza kulia. Mimi sina subira na kilio. Nikasema, "Shikamoo bibi, basi kaa naye leo tu, kesho atazoea." Akaitikia marahaba, akaingia, akakaa kwenye udongo nyuma ya watoto. Hiyo "leo tu" ilichukua miaka. Mtoto alizoea siku ya tatu. Bibi ndiye aliyegoma kuondoka.

Alikuja na kazi yake, kusuka vikapu, na mikono ikiwa inasuka mdomo ulikuwa unafuatisha pamoja na watoto. Nilimtania sana.

"Bibi, mtihani utafanya?"

"Nitafanya. Na wewe utanikosesha makusudi, nakujua, una hila za sungura."

"Shika adabu, mwanafunzi."

"Shika wewe chaki yako uendelee, mchana unakwisha."

Watoto walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Nilimpenda yule bibi kuliko nilivyompenda bibi yangu mwenyewe, nasema ukweli, wa kwetu alikuwa mkali bure.

Ukurasa wa Bama ulikuwa karibu na mwisho wa kitabu. Niliuwahisha kwa sababu ya watu hawa wawili. Ulikuwa mfupi. Ulisema Bama ni nchi ya mito mikubwa na misitu. Mvua yake huanza mwezi wa tano hukoma mwezi wa kumi, na katika miezi hiyo nchi yote ni maji na matope. Watu wake hulima mpunga, wamesimama ndani ya maji. Wana nyumba za ibada zenye vilele vya rangi ya dhahabu. Sentensi ya mwisho ilisema: wafu wao hawawaziki ardhini, huwachoma moto.

Siku tuliyosoma habari ya mvua bibi aliacha kusuka. Ilikuwa mwaka wa jua kali, uwele ulikuwa umekaukia shambani na watu walikuwa wanatazama mbingu mpaka shingo zinauma. Akauliza, "Miezi mitano, mwalimu? Bila kukatika?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akacheka, akapiga magoti yake kwa viganja. "Basi mwanangu ananenepa huko. Penye maji hivyo njaa itakaa wapi?" Siku hiyo alirudi nyumbani anaimba, na jirani zake wakaniuliza nimempa nini.

Ile sentensi ya mwisho watoto waliipenda, kama watoto wanavyopenda jambo la kutisha. Waliisema kwa sauti kubwa kuliko nyingine zote, wakitumbua macho. Bibi alisema, "Aka! Watu gani hao," akatema mate pembeni, akaendelea na kikapu chake. Mwanawe alikuwa hai. Sentensi ile ilikuwa ya watu wengine.

Habari ilikuja baada ya mavuno. Tarishi alitoka bomani kwa serikali, Kiomboi, akaenda kwa jumbe, jumbe akamwita shemeji wa bibi, yaani ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Maneno yenyewe yalikuwa machache: kijana wenu amefia Bama, mwezi wa nane. Basi. Walimwambia bibi asubuhi, amekwisha kula, wanawake wamekwisha kumzunguka, kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwa darasani nikaona kwamba mtoto hajaja na bibi hajaja, halafu nikasikia ukelele kutoka upande wa kwao. Niliwaacha watoto na ubao nikakimbia.

Nilipofika, waliokuwa wanalia walikuwa wengine. Bibi alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha, anamtazama shemeji yake.

"Walimfanya nini?" akauliza.

Shemeji akasema, "Amekufa vitani, shemeji. Risasi."

"Hilo nimesikia. Baada ya kufa. Walimfanya nini?"

Shemeji akadhani akili imemruka. Mimi nilielewa.

"Kule wanachoma," bibi akasema. "Wanangu mie nimewazika wote, makaburi yao yako hapo nyuma ya zizi, nayajua. Huyu mmoja naomba mniambie. Walimzika au walimchoma?"

Hakuna aliyejua.

Nieleze hapa desturi ya ukoo ule, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Mtu wao akifia mbali, walizika nguo yake nyumbani, pembeni mwa wazazi wake, kumwonyesha njia ya kurudi kwa watu wake. Hapo ndipo matanga yanamalizika: wafiwa wananyolewa nywele, moto mpya unawashwa, maisha yanaendelea. Kabla ya kunyoa hakuna pombe ya sherehe wala harusi katika boma lile la ukoo. Bibi alikatalia hapo. Alisema nguo inazikiwa mtu ambaye amelazwa ardhini mahali fulani, ili ardhi ile na hii zijuane. Aliyegeuka moshi mnamzikia nini? Walipomletea wembe akakifunika kichwa chake kwa mikono miwili. "Sinyolewi mpaka nijue."

Mchungaji alikwenda kumtuliza. Bibi hakuwa amebatizwa lakini mwanawe alibatizwa kabla ya kuondoka. Mchungaji, mtu mwema, akamwambia kwamba roho haiungui. Bibi akamjibu, "Mimi sikuzaa roho. Nilizaa mtu, ana kovu hapa kwenye goti, alianguka kwenye mwamba akichunga." Mchungaji akarudi zake bila kunywa hata maji.

Nami nilikwenda bomani Kiomboi. Nilitembea siku nzima, nikalala kwa mtu tuliyesoma naye, asubuhi nikasimama mbele ya karani. Nilimweleza yote. Akanisikiliza, namshukuru, hakunifukuza. Akasema askari wengi walizikwa, serikali ina utaratibu, lakini wapo waliopotelea mitoni na msituni, wapo ambao hakuna aliyeona mwisho wao, na habari ya mmoja mmoja yeye hana. Nikamwambia, "Si mlijua kumwita jina siku ya kumchukua?" Akainamisha kichwa. Alikuwa karani tu, nilimwonea, lakini nilikuwa sina mwingine wa kumtolea hasira.

Nikamwambia bibi ukweli: karani hajui. Akasema, "Ahsante kwa miguu yako, mwanangu. Tungoje anayejua."

Tukangoja. Alirudi darasani na mtoto, akakaa pale pale nyuma, ila alikuwa hafuatishi tena. Nywele zake zikaanza kuota, nyeupe, zikasimama kichwani bila kuchanwa. Wanawake wengine waliacha kukaa karibu naye kisimani. Walisema mtu asiyemaliza matanga anatembea na kifo mkononi. Upumbavu mtupu, na niliwaambia hivyo hivyo, kisimani pale pale, wakaninunia mpaka masika.

Ukurasa wa Bama niliuruka mwaka huo. Watoto wapya waliuliza kwa nini bahari yetu haina ng'ambo, nikawaambia wafunge midomo.

Vita ikaisha. Vijana wakaanza kurudi mmoja mmoja wakiwa na makoti ya jeshi na miluzi ya ajabu. Kila aliyerudi, bibi alikwenda. Alikuwa anamsalimu, anamwuliza alikuwa wapi. Mmoja alikuwa Misri, mwingine Habeshi. Bibi alisema ahsante akarudi kwake.

Wakati huo shemeji alikuwa na binti wa kuoza. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekubaliwa na waoaji walikuwa wamechoka kungoja, wakaanza kutupa maneno kwamba kama boma lile limefungwa na kichwa cha ajuza wapo mabinti kwingine. Sisemi shemeji alikuwa mtu mbaya. Alimlisha bibi miaka yote, alimlimia shamba. Lakini alichoka, na mtu aliyechoka anasikiliza ushauri wa kila mtu.

Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, mtoto akaja kwangu mbio. Alikuwa amekua kidogo, meno ya mbele yameota. "Mwalimu, bibi anasema uje. Amekuja askari aliyemzika baba. Bibi anasema uje usikie, wewe ndiye unayeijua Bama."

Nilikwenda mbio. Nilitaka iwe kweli. Mungu wangu, nilivyotaka iwe kweli!

Boma lilikuwa limejaa. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Askari alikuwa kijana wa upande wa Nduguti, amevaa koti la jeshi licha ya jua, anatoka jasho. Shemeji alimketisha kwenye kigoda kizuri. Bibi alikuwa chini mbele yake, mtoto pembeni yake. Kijana akaanza kusimulia, na alisimulia vizuri, lazima niseme. Walikuwa pamoja kikosi kimoja. Risasi ilimpata kifuani, hakuteseka. Alimtaja mama yake. Wao vijana wa Singida na Iramba wakasema ndugu yetu hatumwachi, wakamchimbia kaburi kwa mikono yao mahali palipoinuka. Ardhi ilikuwa ngumu, kavu, wakatumia sululu. Wakamlaza kama tunavyolaza kwetu, wakapanga mawe juu.

"Upepo ulikuwa unavuma, mama," akasema. "Vumbi likatujaa machoni, hatukujua yupi analia na yupi ni vumbi."

Wanawake wakaanza kulia kwa sauti. Shemeji alikuwa ameinama, anafuta macho, na nadhani wakati ule hata yeye aliamini. Mtu wa wembe alikuwa amekwisha kukaa tayari mlangoni. Bibi akanyoosha mkono akashika kiatu cha yule kijana, akakishika tu. Kisha nikaona mkono unaachia.

"Ilikuwa mwezi gani, mwanangu?"

"Wa nane, mama." Hilo alikuwa ameambiwa.

"Na vumbi."

"Vumbi jingi, mama."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemwuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. "Mwezi wa nane Bama kukoje?"

Mtoto akasimama. Mikono ubavuni, macho mbele. Alikuwa na furaha, maskini, ameulizwa jambo analolijua mbele ya watu wazima.

"Bama ni nchi ya mito mikubwa na misitu," akaanza. "Mvua yake huanza mwezi wa tano hukoma mwezi wa kumi. Katika miezi hiyo nchi yote ni maji na matope."

Kilio kikakatika. Watu walewale waliokuwa wanajigaragaza wakageuka wakamtazama mtoto. Na mtoto hakuishia hapo, angeishiaje hapo? Niliwafundisha kwamba ukurasa ukiuanza unaumaliza. Akapita mpunga, akapita nyumba za ibada zenye vilele vya rangi ya dhahabu, mimi nikajua anakokwenda, nikataka kumwita, nikachelewa. Akamaliza kwa nguvu, kama walivyopenda kumalizia darasani: "Wafu wao hawawaziki ardhini, huwachoma moto."

Akaketi. Akamtazama bibi yake apate kusifiwa.

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini sijawahi kuona iliyokuwa fupi kama ile. Kijana akatoka kwenye kigoda akapiga magoti chini. Akasema hakuvuka bahari. Alikuwa Kenya miaka yote, mpishi wa maofisa, hata bunduki alipewa siku za gwaride tu. Akasema aliambiwa kuna mama anateseka na neno lake moja litampumzisha, naye ana mama. Shemeji alinyanyuka akaenda akasimama nyuma ya zizi peke yake.

Bibi akamwambia kijana, "Kula nyama yako, mwanangu. Umetembea mbali." Akainuka akaingia ndani. Mtoto alibaki amekaa, hajui amefanya nini, akaanza kulia kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama. Nilimbeba mgongoni nikaondoka naye, mkubwa vile. Siku tatu alilala kwangu.

Bibi alikuja shuleni wiki ile ile, watoto wamekwisha kutoka. Nilikuwa nafuta ubao. Mjukuu wake alikuwa amekaa kizingitini anachezea vijiti. Bibi hakukaa nyuma kama siku zote. Alikuja mpaka mezani akasimama, ananishinda urefu kidogo, na zile nywele nyeupe zilizosimama.

"Kifungue," akasema.

"Nini, bibi?"

"Kitabu. Kifungue kwenye Bama."

Nikakifungua. Nilidhani anataka kuusikia tena, pengine ajiumize tu.

"Nisomee alivyozikwa."

"Bibi, haimo. Kitabu hiki kiliandikwa kabla ya vita. Hakimjui mwanao."

"Najua haimo. Ukurasa huo naujua kuliko wewe, nimeusikia mara ngapi? Nimesema nisomee."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia, na sauti yangu ilipanda, kwamba amemvua nguo yule kijana mbele ya watu kwa jambo hilo hilo, sasa anataka mimi nifanye lile lile. Hakukasirika. Aliweka kiganja chake mezani karibu na kitabu.

"Yule alikuwa ananitazama machoni," akasema. "Mtu akikusimulia anakutazama, nawe unamwona. Wewe ukisoma hunitazami. Unatazama hapo. Mimi nimechoka, mwalimu. Nimechoka sana. Kila nikikoka moto napika, namwona. Hakuna atakayekuja kujua, nimekwisha kulielewa hilo. Lakini nikisomewa, kama nilivyosomewa lile la kuchoma, nitaweza kunyolewa."

Nilikuwa na hasira. Na Mwingereza, na Mjapani, na mtu aliyeandika kitabu akaona ni vyema watoto wajue hilo la kuchoma. Nilimhurumia bibi mpaka nikawa kama namchukia. Nikakishika kitabu kwa mikono miwili. Nikaweka macho kwenye ukurasa, kwenye ile nafasi nyeupe chini ya sentensi ya mwisho, nikatoa sauti ile ile ya darasani.

"Askari wa Tanganyika waliofia Bama walizikwa ardhini."

"Askari wa Tanganyika waliofia Bama walizikwa ardhini," bibi akafuatisha.

"Kila mmoja alichimbiwa kaburi lake na ndugu zake."

Akafuatisha. Sauti yake ilikatikia kwenye neno ndugu, akairudia sentensi tangu mwanzo, vizuri, kama nilivyowafundisha.

"Na mvua?" akauliza.

Sikuinua macho. "Mvua ilikuwa imekatika."

Hakufuatisha.

"Usiikate," akasema. "Kwetu mtu akizikwa na mvua amebarikiwa. Soma vizuri."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua ilikuwa inanyesha," akasema bibi. Akaniomba nisome zote tatu tena, na tena, mpaka zimekaa. Halafu akamshika mjukuu wake mkono wakaenda.

Kesho yake asubuhi alinyolewa, na mtoto akanyolewa, na shuka la mwanawe likazikwa nyuma ya zizi. Nilikuwepo. Bibi hakuwaeleza watu amejua wapi, nao hawakuthubutu kuuliza. Binti wa shemeji aliolewa baada ya mavuno. Nilialikwa, sikwenda. Bibi naye hakurudi tena darasani kukaa nyuma. Nikipita kwao tulisalimiana vizuri, akanipa asali, lakini utani ulikwisha. Hakunitania tena hata siku moja mpaka alipokufa, na hilo liliniuma, linaniuma hadi leo. Kama mwanawe alizikwa, au alichomwa, au alikaa tu kwenye matope ya watu, sikupata kujua, na sasa hakuna aliyebaki wa kumwuliza.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alisema mkaguzi anakuja, kurasa zote zisomwe. Nikausoma ukurasa wa Bama. Walipokwisha kuushika nikamwita yule mtoto ausimamie, maana hakuna aliyekuwa anausema kama yeye, na wenzake wafuatishe. Akasimama, nywele zake zimekwisha kuota tena. Akasema mito, mvua, mpunga, nyumba za ibada, na moto. Wenzake wakafuatisha. Nilingoja aketi. Hakuketi.

"Askari wa Tanganyika waliofia Bama walizikwa ardhini," akasema, macho mbele.

Darasa zima likafuatisha. Wangejuaje? Ilikuwa sauti ya kusoma.

"Kila mmoja alichimbiwa kaburi lake na ndugu zake. Mvua ilikuwa inanyesha."

Wakasema zote, kwa pamoja, bila kukosea. Ndipo akaketi. Nilikuwa na kitabu wazi mkononi na sikuwazuia. Niliwaambia watoke nje wakacheze, wakatoka wanasukumana mlangoni, nikaketi nikaweka kichwa mezani nikalia. Tangu habari ile ifike nilikuwa sijalia hata mara moja.